Mwekezaji anataka staa, mimi nataka kiziwi acheze mwenyewe. Nifanyeje?

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, niko Dar. Nimekuwa meneja wa uzalishaji kwenye tamthilia sita za televisheni na sasa nataka kusimama mwenyewe kama prodyuza. Nina skripti ya binti kiziwi, fundi cherehani wa Kariakoo. Nimepata mwekezaji aliye tayari kutoa shilingi milioni 80 kwa masharti mawili: binti achezwe na staa anayesikia ili filamu iuzike, na kikosi cha kazi kiwe vijana wake. Mimi niliingia kwenye kazi hii ili watu wasioonekana waonekane. Nilitazama kipande cha yule prodyuza Mmarekani, Effie Brown, akibishana na mwigizaji Matt Damon mezani, na wenzangu wananiambia huyo mama alijiharibia. Je, nikubali kwanza nipate jina, hayo mengine niyapiganie baadaye? Au prodyuza anaweza kuishi na msimamo huu tangu filamu yake ya kwanza?"

Marahaba, mdogo wangu. Kama nimekuelewa, hofu yako si ya fedha peke yake. Unaogopa kwamba ukikataa masharti skripti itabaki kabatini, na ukiyakubali utatoa filamu ya binti kiziwi ambayo hakuna kiziwi hata mmoja aliyeigusa. Hofu zote mbili ni za kweli. Ila umejiwekea njia panda ya barabara mbili tu, na mimi naona ziko zaidi ya mbili.

Nianze na Effie Brown, maana wenzako wamekusimulia dakika mbili wakaacha miaka ishirini. Mwaka 2015 televisheni ya HBO ya Marekani ilirusha msimu wa nne wa Project Greenlight, kipindi kilichokuwa kikimtafuta mwongozaji mchanga na kumkabidhi filamu ya kweli aitengeneze. Brown alikuwa prodyuza wa filamu hiyo. Wakiwa mezani wanachagua mwongozaji, akasema jambo ambalo prodyuza yeyote makini angelisema: kwenye skripti iliyokuwapo, mhusika pekee mweusi ni kahaba anayepigwa na kuwadi wake mzungu, basi tuangalie vizuri hadithi hii tunamkabidhi nani. Damon akamjibu kwamba mambo ya uwakilishi yanafanyika wakati wa kuchagua waigizaji wa filamu, si wakati wa kuchagua watu wa kipindi. Kwa maneno mengine, mbele ya kamera sawa, nyuma ya kamera hapana. Kipande kilisambaa, watu wakamjia juu, na siku chache baadaye Damon akatoa tamko la kuomba radhi.

Je, Brown alijiharibia? Mwaka 2020 alichukua uongozi wa Gamechanger Films, mfuko ulioanzishwa 2013 kufadhili filamu za wanawake waongozaji, akaupanua ufikie pia watu weusi na jamii nyingine zisizo za kizungu, pamoja na watu wenye ulemavu. Mfuko huo ulishiriki kwenye filamu ya Passing ya mwongozaji Rebecca Hall, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2021 na kununuliwa na Netflix. Hiyo si safari ya mtu aliyeharibikiwa. Sikuambii kwamba msimamo ule haukumgharimu. Kwenye kazi yetu mtu akishaitwa mgumu, kuna simu ambazo hazitalia tena, na hakuna atakayekuja kukueleza kwa nini hazilii. Hilo ulijue mapema.

Lakini wenzako hawakukuuliza swali lililo muhimu kuliko hilo: alifikaje kwenye meza ile? Alisoma filamu Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, akapitia Project Involve, mpango wa shirika la Film Independent unaowalea watengenezaji filamu kutoka jamii zisizopewa mlango. Akafanya kazi ya kushika bajeti na ratiba za filamu za watu wengine, kazi hiyohiyo unayoifanya wewe sasa. Mwaka 2002 alikuwa prodyuza wa Real Women Have Curves, hadithi ya binti wa Kimeksiko wa Los Angeles anayefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha nguo. Ilipata tuzo ya watazamaji Sundance na ndiyo iliyomtambulisha mwigizaji America Ferrera. Mwaka 2014 ikaja Dear White People ya Justin Simien, ambayo mwongozaji wake alianza kwa kuchangisha mtandaoni dola 40,000 na ushee. Mtu aliyemaliza filamu kama hizo, ndani ya bajeti ndogo, anajua kila siku ya kazi inagharimu shilingi ngapi. Ndiyo maana ilibidi asikilizwe. Wewe nawe umesimamia tamthilia sita. Usiingie kwa mwekezaji kama mwenye ndoto anayeomba; ingia kama mtu anayejua hizo milioni 80 zinakwisha vipi.

Sasa tuingie jikoni. Skripti ikishapita, prodyuza anaivunja ukurasa kwa ukurasa: siku ngapi, lokesheni ngapi, watu wangapi. Hapo bajeti inazaliwa. Kisha anaajiri wakuu wa idara: mpiga picha mkuu, mkuu wa sauti, wa mandhari, wa mavazi na vipodozi, mhariri, na msaidizi wa kwanza wa mwongozaji. Watu sita, pengine saba. Akishawapata hao, sehemu kubwa ya kuajiri imetoka mikononi mwake, kwa sababu mpiga picha anakuja na watu wake wa taa, mtu wa sauti anakuja na mshika maiki wake, mwenye mavazi anakuja na mafundi wake. Kila mmoja anamwita aliyefanya naye kazi mwezi uliopita. Hakuna ubaya hapo. Saa nane usiku, mvua inanyesha na jenereta limezima, unamtaka mtu unayemwamini. Ila matokeo yake ni kwamba sura ya watu hamsini utakaowakuta kwenye seti iliamuliwa na simu sita zilizopigwa miezi miwili kabla ya kamera kuwashwa.

Mwekezaji wako anapotaka "vijana wake", anataka simu hizo sita. Wewe macho yako yako kwenye sharti la staa kwa sababu ndilo linalouma. Mimi ningeliogopa zaidi hili la pili.

Jambo hili lina historia hapa kwetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 za kuonyeshwa Waafrika: weka akiba posta, uza kahawa hivi, lipa kodi, jikinge na safura. Waliocheza walikuwa Waafrika, na hata baadhi ya kazi za ufundi zilifanywa na vijana wa Kiafrika. Lakini hadithi ipi isimuliwe, na mkulima aonekane mwerevu au mjinga, waliamua wengine. Ungehesabu nyuso tu, ungesema uwakilishi umetimia asilimia mia. Kwa hiyo mtu akikuambia uwakilishi ni kuchagua waigizaji, mkumbushe Vugiri.

Hata wanaotoa tuzo za Oscar walilazimika kulikubali. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times liliwachunguza wapiga kura wao na kukuta karibu asilimia 94 ni wazungu na asilimia 77 ni wanaume. Mwaka 2015 na 2016, mfululizo, nafasi zote 20 za uteuzi wa waigizaji zilikwenda kwa wazungu. Kelele zilipozidi, waliandika vigezo vipya kwa tuzo ya filamu bora, vilivyoanza kutumika kwenye tuzo za 2024. Viko makundi manne, na filamu inatakiwa kutimiza mawili. Kinachoonekana kwenye skrini ni kundi moja tu. Yaliyobaki ni wakuu wa idara na kikosi, nafasi za mafunzo kwa wanaoanza, na watu wa masoko na usambazaji. Wanaosema vigezo hivyo vinamlazimisha mtu kubadilisha hadithi yake hawajavisoma.

Na wale watakaokuambia kwamba haya ni mambo ya wazungu, waambie Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Jiulize ni seti ngapi ulizofanyia kazi zilizokaribia hapo.

Nikuonyeshe jambo hili lilivyo likiwa mkononi. Miaka iliyopita nilipanga ratiba ya filamu iliyochezewa Bagamoyo. Tulikuwa na kijana mwenye ualbino kwenye nafasi kubwa, na mimi nikamwekea matukio ya ufukweni saa saba mchana, siku tatu mfululizo, kwa sababu ndiyo saa mashua ilipatikana kwa bei nafuu. Siku ya pili mabega yake yalikuwa yamebabuka, na kila picha ya karibu amefumba macho nusu kwa ukali wa mwanga. Hakulalamika, alikuwa amefurahi mno kupata nafasi. Tukapoteza siku nzima. Tulihamishia matukio yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni, tukaongeza turubai la kivuli, kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua kwenye bajeti ya vipodozi. Gharama yote haikufika hata robo ya siku tuliyoipoteza, na mwanga wa saa hizo ulikuwa mzuri kuliko wa mwanzo. Kosa lilikuwa langu. Kwenye kikao cha kupanga ratiba hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye ngozi yake ingemkumbusha kuuliza swali lile. Tulimjumuisha kwenye orodha ya waigizaji tukamsahau kwenye ratiba.

Sasa rudi kwenye filamu yako uone ni maswali mangapi ya namna hiyo yanakusubiri. Lugha ya alama inazungumzwa kwa mikono, uso na mwili wa juu. Mpiga picha aliyezoea tamthilia atakimbilia uso, akate mikono, na hapo ameyatupa mazungumzo nje ya fremu. Mhariri asiyejua lugha hiyo atakata katikati ya ishara, ambayo ni sawa na kukata katikati ya neno. Yeye ataona mkato safi, kiziwi wa Tandika ataona kigugumizi. Unahitaji kiziwi akae na mhariri, alipwe kama mshauri, na jina lake liandikwe. Wakalimani uwaweke wawili, kwa sababu mmoja akitafsiri kutwa nzima anachoka na makosa yanaanza. Mmoja wao asimame karibu na kamera, mahali ambapo mwigizaji anamwona bila kugeuza shingo. Matukio ya usiku yawe na taa ya akiba inayowashwa kila mnapopumzika, maana gizani mwigizaji wako hawezi kuzungumza na mtu yeyote. Staa anayesikia ataweza kujifunza ishara za mistari yake kwa wiki tatu. Hataweza kujua kwamba mkalimani amekosea, wala kwamba fundi wa Kariakoo haongei na mteja kama anavyoongea na mama yake.

Haya, tuje kwenye hoja ya mwekezaji. Mpe heshima yake; fedha ni zake, na hofu yake ina msingi. Mwaka 2014 Wafaransa walitoa filamu ya familia ya viziwi, La Famille Bélier, na nafasi za wazazi viziwi zikachezwa na waigizaji wanaosikia. Viziwi wengi waliumia, lakini kwenye majumba ya sinema iliuza vizuri sana. Akikutajia hiyo, usibishe. Wamarekani walipoirudia kwa jina la CODA, watoa fedha walitaka nafasi ya baba ichezwe na staa anayesikia. Marlee Matlin, kiziwi aliyekwishapata Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987, akawaambia wakifanya hivyo yeye anajitoa. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur. Filamu hiyo Apple waliinunua Sundance 2021 kwa dola milioni 25, rekodi ya tamasha hilo wakati ule. Mwaka 2022 ikachukua Oscar ya filamu bora, na Kotsur akawa mwanaume kiziwi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji.

Usimpelekee mwekezaji hadithi hiyo kama ahadi. Filamu ya milioni 80 haitauzwa bei ya CODA, na akihisi unamdanganya kwenye hesabu hatakuamini kwenye jambo lingine. Mwonyeshe kitu kingine: kwenye filamu ile, jina kubwa na nafasi ya kiziwi havikugombana. Na wewe staa unaweza kumweka. Skripti yako bila shaka ina mwenye duka, au dada, au mchumba anayesikia. Mpe staa nafasi hiyo, mwandikie matukio matatu yenye nguvu, mweke kwenye bango. Mwekezaji amepata uso wa kuuzia, wewe umempata binti wako.

Kwa kikosi, usiombe wote sita. Mwachie watatu: taa na kamera, sauti, mandhari. Wewe ushike mhariri, mavazi na vipodozi, na msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, kwa sababu huyo ndiye anayeendesha ratiba na kuamua nani anasubiri jua na nani anakaa kivulini. Kisha ombeni kwa pamoja kwamba kila mkuu wa idara, wa kwake na wa kwako, amchukue mwanafunzi mmoja kutoka nje ya watu wake, alipwe nauli, chakula na posho. Iandikeni kwenye mkataba. Hilo si geni duniani. Mwaka 2018 mwigizaji Frances McDormand, akipokea Oscar, alimalizia hotuba yake kwa kutaja kifungu cha aina hiyo, ambacho mtafiti Stacy Smith wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa amekipendekeza miaka minne kabla: mwigizaji mkubwa anadai kwenye mkataba wake kwamba nafasi ndogo na za kikosi zifunguliwe kwa waliozoea kuachwa nje, wasailiwe, na wenye uwezo wachukuliwe. Kifungu kama hicho hakimlazimishi mtu kumwajiri asiyeweza kazi. Kinamlazimisha kufungua mlango kabla ya kusema hakuna mtu.

Akikataa yote mawili, ushauri wangu ni umwachie fedha zake. Nasema hivyo nikijua milioni 80 hazidondoki kila mwezi. Kama kodi ya nyumba inakudai, chukua tamthilia ya saba bila aibu yoyote, fanya kazi yako vizuri ulipwe. Lakini skripti hii usiitoe kwa masharti yale, kwa sababu "nipate jina kwanza" ina tatizo moja: jina utakalolipata ndilo utakaloitiwa kazi. Ukitoka na filamu ya kiziwi isiyo na kiziwi, simu zitakazolia zitakutaka ufanye hivyohivyo tena. Afadhali utoe matukio mawili ya skripti uyafanye filamu fupi ya dakika kumi na mbili, kwa siku tatu, na binti kiziwi wa kweli. Mwekezaji anayefuata hutamweleza utakachofanya, utamwonyesha.

Njia hiyo ina ubaya wake na sitakuficha. Utachelewa, pengine mwaka mmoja au miwili. Binti utakayempata huenda hajawahi kusimama mbele ya kamera, na atahitaji wiki za mazoezi ambazo lazima uzilipie. Kuna watu watakaokuita wa NGO. Na kuna hatari ya upande wako mwenyewe: kumchukua kiziwi mmoja, kumpiga picha nyingi za mitandaoni, kumlipa kidogo kuliko wenzake kwa kuwa "tumempa nafasi". Ukifanya hivyo, utakuwa umefanya jambo lilelile unalolikimbia.

Yako mambo ambayo barua hii haitoshi, na hayo yafuate ana kwa ana. Kabla hujatia saini chochote mtafute wakili anayejua mikataba ya sanaa, hasa kama mkataba unamkabidhi mwekezaji haki ya skripti hata filamu isipotengenezwa. Kasajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, sasa hivi, kabla hujaituma kwa mtu mwingine yeyote. Bodi ya Filamu nenda mapema kuulizia kibali, usisubiri wiki ya kuanza kurekodi. Na mtu yeyote mwenye fedha akianza kuchanganya mazungumzo ya filamu na kukutaka kimapenzi, vikao vya watu wawili viishie hapo. Mweleze mtu unayemwamini, na ukitishwa nenda Dawati la Jinsia kituo cha polisi. Sisemi mwekezaji wako yuko hivyo. Nasema kwa sababu wasichana wengi wa umri wako hawakuambiwa na mtu.

Kisha nenda Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Usifike na skripti iliyokamilika ukitafuta mtu wa kuijaza. Fika ukiwa na mkalimani uliyemlipa mwenyewe, uombe kukaa na mafundi cherehani viziwi wawili watatu, uwasikilize wanavyoelewana na mteja asiyejua ishara hata moja. Nina hakika utarudi nyumbani na kufuta kurasa kadhaa.

Na siku ya kwanza ya mazoezi, kabla ya kamera kutoka kwenye boksi, mtake kila mtu wa kikosi, pamoja na dereva na mama wa chakula, ajifunze ishara tano: anza, simama, rudia, subiri, hatari. Hiyo ya tano wairudie mpaka mikono izoee. Stendi ya taa ikianza kuanguka, kupiga ukelele hakutamsaidia binti wako.